Sigara marufuku eneo zima la shule: moshi unapungua au unahamia nyuma ya choo?

#1 Kaptula ya Kaki (mleta uzi)

Wakuu, habari za mchana. Swali langu ni kwa watu wa elimu, afya na sheria.

Bodi ya shule moja ya sekondari, kutwa na bweni pamoja, inataka kupitisha kanuni kwamba hakuna kuvuta sigara popote ndani ya eneo la shule, awe mwanafunzi, mwalimu, mlinzi, mpishi, fundi au mgeni. Kwa wanafunzi katazo lipo siku zote. Jipya ni kuwaingiza watu wazima na kufuta ile kona ya walimu nyuma ya stoo.

Ninachotaka kujua:
1. Kuna ushahidi kwamba inapunguza wanafunzi wanaoanza kuvuta, au inahamisha tu mahali pa kuvutia?
2. Nyumba za walimu zipo ndani ya eneo. Tunafanyaje?
3. Tutapimaje kama imefanya kazi?

Mada ya dini na maadili naomba iwe na uzi wake.

#2 Vichungi

Naanza na la kwanza. Ushahidi upo, ila usome vizuri kabla hujaupeleka kwenye kikao.

Utafiti unaotajwa sana ni wa Wales, umechapishwa 2001, shule 55. Shule zenye kanuni iliyoandikwa, inayowakataza wanafunzi na walimu kuvuta popote shuleni, wanafunzi waliokuwa wakivuta kila siku walikuwa 9.5%. Shule zisizo na kanuni yoyote, 30.1%. Zilizokuwa katikati, 21%. Mtu akiona hizo namba anakimbilia kugonga muhuri. Lakini huo ni utafiti wa kupima mara moja, hauoneshi kilichotangulia. Inawezekana shule zenye wavutaji wachache ndizo zilizopata urahisi wa kupitisha kanuni.

Wa pili ni wa Marekani, 2000, wanafunzi 17,287 wa sekondari. Huu ndio ningeupeleka kwa bodi, kwa sababu ulitenganisha shule ambazo wanafunzi wenyewe walisema katazo linafuatwa na zile ambazo lipo kwenye karatasi tu. Penye kufuatwa, uvutaji ulikuwa chini kiasi. Penye karatasi tu, hakuna kitu.

Halafu kuna mapitio ya 2014 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kuchambua tafiti za afya. Walitafuta majaribio yenye kundi la kulinganisha, wakapata moja tu lililofaa, la China, nalo halikuonesha tofauti. Hiyo haimaanishi katazo halina faida. Maana yake ni kwamba hakuna aliyelipima kwa kipimo kigumu.

Kwa hiyo mkuu, ukiniuliza: katazo la wanafunzi peke yao halina ushahidi wa maana. Katazo la wote, linalosimamiwa kweli, lina ushahidi wa wastani. Usiahidi zaidi ya hapo.

#3 Kifungu kwa Kifungu

Upande wa sheria, kwa kifupi.

Tanzania Bara tuna Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku ya 2003. Inakataza kuvuta maeneo ya umma na inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Udhaifu wake ni kwamba inaruhusu maeneo yaliyotengwa kwa wavutaji, na hapo ndipo "kona ya walimu" inapojipatia uhalali. Lakini kuruhusiwa kutenga si kulazimishwa kutenga. Mwenye eneo anaweza kuamua asitenge. Mkuu wa shule akiwa na muhtasari wa bodi uliosainiwa, hana sababu ya kuogopa.

Kenya ni kali zaidi. Sheria ya 2007, imeanza kutumika Julai 2008: anayevuta mahali palipokatazwa anakabiliwa na faini isiyozidi shilingi 50,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Sigara moja moja pia haziruhusiwi kuuzwa, pakiti lazima iwe na angalau 10. Kwenye vioski hali ni nyingine, lakini sheria ndivyo inavyosema.

Uganda, sheria ya 2015 iliyoanza Mei 2016 imeongeza umbali: huvuti ndani ya mahali pa umma wala ndani ya mita 50 kutoka hapo. Umri wa kuuziwa ni miaka 21. Shisha na sigara za kielektroniki zimekatazwa kabisa.

Nchi hizi zote tatu zimo kwenye Mkataba wa WHO wa kudhibiti tumbaku. Mwongozo wa Ibara ya 8, uliopitishwa 2007, unasema hakuna kiwango salama cha moshi wa mtu mwingine na kwamba kutenga chumba au kuweka feni hakutoshi. Hiyo ndiyo hoja ya kufuta kona ya stoo.

#4 Mama wa Bweni

Niongelee kinachotokea ardhini, maana ndicho kinachowashinda wengi.

Katazo likitangazwa mstarini Jumatatu, sehemu za kuvutia zinabadilika ndani ya wiki hiyohiyo, na kwa mpangilio unaotabirika. Kwanza watoto wanaacha kona za wazi, yaani nyuma ya darasa la mwisho, chini ya mwembe, ukingo wa uwanja. Wanahamia chooni, tundu la mwisho mbali na mlango. Choo kikianza kukaguliwa wanahamia kwenye uzio, hasa penye upenyo kwenye michongoma. Uzio ukibanwa, inabaki bweni baada ya taa kuzimwa. Kila hatua moshi unakwenda mahali pa hatari zaidi kuliko pale ulipotoka. Kwa hiyo ukibana, bana kuanzia bweni kutoka nje. Ukianza na uwanja unawasukuma ndani.

Kwa nini bweni ni hatari? Godoro la sponji haliwaki mara moja likiguswa na kipisi, hufukuta. Kipisi kilichofichwa kati ya godoro na ukuta, mlango ukagongwa na mtoto akajifanya amelala, kinaweza kufukuta muda mrefu bila moto kuonekana, na moshi wake una sumu hata kabla mwali haujatokea. Ongeza madirisha yenye nondo na mlango mmoja uliofungwa kwa kufuli nje. Mwongozo wa usalama wa shule wa Kenya wa 2008 unataka madirisha yasiyo na nondo, milango miwili ya mwisho pamoja na wa dharura katikati, nafasi ya mita 1.2 kati ya vitanda na njia ya mita 2. Bodi ikisoma kanuni ya sigara iisome sambamba na funguo za bweni. Anayeshika ufunguo usiku analala wapi?

Ishara za kuvutia ndani: pipi za kifua na bigijii nyingi kuliko kawaida, dawa ya meno inayotumika mchana, kiberiti cha gesi kwa mtoto ambaye hana cha kuwasha, doa la kahawia kwenye kidole cha shahada na cha kati. Harufu peke yake isitumike kumhukumu mtu. Mtoto anayepikiwa kwa kuni au aliyekaa na baba mvutaji kwenye daladala atanuka moshi na hajagusa kitu.

#5 Mzee wa Chaki

Mnazunguka sana. Mtoto akikamatwa na sigara anakula viboko, anasimamishwa wiki 2, anarudi na mzazi. Enzi zetu shule zilikuwa na nidhamu na hakuna aliyehitaji utafiti wa Wales.

#6 Vichungi

Shikamoo mzee wangu. Tuliangalie hili kwa hesabu ya mwili.

Nikotini hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 hivi. Mtoto mwenye uraibu aliyevuta saa 12 asubuhi, ikifika chai ya saa 4 imebaki robo mwilini. Kipindi kinachofuata hatulii, ana hasira, hasomi. Arosto ya sigara, yaani mateso ya mwili ukikosa nikotini, inafika kilele siku 3 za mwanzo na inaendelea wiki 2 hadi 4. Sasa ukimsimamisha wiki 2, unampeleka nyumbani au kijiweni kipindi kilekile ambacho angekuwa anapita sehemu ngumu, na kule hakuna katazo lolote. Anarudi na uraibu uleule, na masomo ya wiki 2 yamempita.

Kwa anayejaribu kwa mara ya kwanza, mshtuko wa adhabu unaweza kumzuia. Kwa mwenye uraibu haupunguzi nikotini hata kidogo. Makundi haya mawili mnayapa dawa moja.

#7 Kifungu kwa Kifungu

Nyongeza kwa mzee Chaki, kwa heshima: viboko Tanzania vina kanuni za 2002. Havizidi 4, anachapa mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa kwa maandishi, na vinaingizwa kwenye daftari la adhabu. Kenya vimekatazwa kabisa. Mwalimu anayechapa 10 kwa ajili ya sigara ndiye atakayekuwa na kesi, siyo mvutaji.

#8 Mzee wa Chaki

Marahaba. Hilo la makundi mawili nakubali. Basi semeni cha kufanya badala yake, maana "ushauri nasaha" ni neno ambalo kila shule inalo na hakuna ajuaye linafanywa saa ngapi.

#9 Mama wa Bweni

Umegusa penyewe mzee. Liwekwe kwenye saa. Utaratibu unaofanyika bila bajeti:

Akikamatwa mara ya kwanza, sigara na kiberiti vinachukuliwa na kuandikwa, na mazungumzo ya dakika 15 siku hiyohiyo na mwalimu ambaye SIYE wa nidhamu. Maswali ni manne tu: ya kwanza ya siku unavuta saa ngapi, unavuta ngapi, unapata wapi, umewahi kukaa siku ngapi bila. Anayevuta ndani ya nusu saa tangu kuamka ana uraibu mzito. Huyo usimweke kundi moja na aliyepokezana pafu moja na wenzake watano.

Mwenye uraibu apangiwe siku ya kuacha, ikiwezekana mwanzo wa wiki isiyo na mtihani. Siku 3 za kwanza aonekane kila asubuhi kwa dakika 5, kisha mara 2 kwa wiki mpaka wiki ya 4. Hamu ya sigara ikija hukaa dakika chache tu. Apewe cha kufanya hizo dakika: maji, kutembea, kutafuna karanga au muwa. Akae darasani mbali na mlango, na mapumziko yake yasiwe na wenzake wa sigara kwa wiki hizo. Hii ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu wale ni marafiki zake.

Mzazi aitwe, lakini aulizwe kwanza kama nyumbani kuna anayevuta. Mara nyingi jibu la "unapata wapi" ni mfukoni mwa baba.

#10 Nakuru Ndani

Jamani mmesahau kioski. Hapa kwetu mwanafunzi hanunui pakiti, ananunua fegi moja, na kiberiti kimefungwa kwa kamba kwenye dirisha la duka. Hiyo kamba ndiyo huduma yenyewe, hahitaji kubeba ushahidi wowote hadi shuleni. Shule ikipiga marufuku ndani, biashara ya kioski cha getini inapanda.

Kinachofaa ni hivi. Chora ramani ya maduka yote ndani ya mwendo wa dakika 5 kutoka getini. Usianze na polisi. Mkuu wa shule na mwenyekiti wa wazazi waende duka kwa duka na barua ya ukurasa mmoja: sheria inasema nini kuhusu umri na kuhusu sigara moja moja, na ombi la mambo mawili, yaani sigara zitoke machoni na kamba ya kiberiti ifunguliwe. Wenye maduka wengi wana watoto palepale shuleni. Anayekataa, jina la duka (si la mtu) linaletwa kwenye mkutano wa wazazi, na baada ya hapo ndiyo mnamwita afisa wa afya ya umma. Ukianza na msako, sigara zinahamia kwa bodaboda, na bodaboda huwezi kumchora kwenye ramani.

Jambo lingine, na hili halina moshi: vijifuko vya nikotini. Vinakaa chini ya mdomo, havinuki, mwalimu anafundisha na mtoto anatumia mbele yake. Kenya vilileta mzozo 2020 vikiuzwa kwa jina la Lyft, vikaondoka sokoni, vikarudi kwa jina la Velo. Kanuni inayosema "marufuku kuvuta sigara" haivigusi kabisa. Ugoro na kuber (tumbaku ya kuweka mdomoni) pia haivigusi. Andikeni "bidhaa yoyote ya tumbaku au nikotini, iwe ya kuvuta, kunusa, kutafuna au kuweka mdomoni, pamoja na shisha na sigara ya kielektroniki".

#11 Kaptula ya Kaki

Asante sana Nakuru, hilo la maneno ya kanuni halikuwepo kwenye rasimu. Nawauliza walio nje: huko walikofika mbali na katazo, getini kulitokea nini?

#12 Mswahili wa Lille

Ufaransa ni mfano mzuri wa geti kugeuka uwanja wa sigara.

Amri ya Novemba 2006 ilianza shuleni tarehe 1 Februari 2007 na ilikataza hata kwenye ua, hewa wazi. Wanafunzi wa lycée (sekondari ya juu), ambao wengi wana miaka 15 hadi 18, wakatoka nje ya geti. Kila mapumziko kuna kundi la watu kwenye njia ya miguu, moshi mlangoni, vipisi vimejaa kwenye mtaro, na wadogo wote wanapita katikati yao. Mvutaji ambaye zamani alikuwa amejificha sasa yuko mahali panapoonekana kuliko pote.

Baada ya mashambulizi ya Paris ya Novemba 2015 makundi ya getini yakaonekana ni hatari kiusalama, na baadhi ya shule zikawaruhusu wanafunzi kuvuta uani tena. Vyama vya kupinga tumbaku vikaenda mahakamani. Yaani kwa miaka kadhaa katazo lilipigana na ulinzi, na kila upande ulikuwa na hoja. Suluhisho limekuja majira ya joto ya 2025: hakuna kuvuta ndani ya mita 10 kutoka lango la shule, faini euro 135. Sigara za kielektroniki hazimo kwenye hizo mita 10, kwa hiyo mnaweza kukisia kinachoning'inia midomoni getini sasa.

Funzo la kiufundi kwa bodi yenu ni kwamba mpaka wa kanuni usiishie kwenye uzio. Na mkiweka umbali, upigieni mstari au nguzo. "Karibu na shule" haipimiki.

#13 Vichungi

Kuhusu umbali, kuna upimaji wa Stanford wa 2007 wa moshi hewa wazi. Ukiwa chini ya nusu mita kutoka kwa mvutaji, unaweza kupata moshi wa kiwango kinachofanana na cha ndani ya chumba. Ukizidi mita 2 unashuka karibu na hewa ya kawaida. Kwa hiyo kwa mapafu, mita 10 zinatosha sana kwa mvutaji mmoja. Mita 50 za Uganda hazihusu mapafu tu, zinahusu macho: mtoto asimwone mtu mzima anavuta akiwa anaingia shuleni. Bodi ichague inapigania lipi, kwa sababu hilo ndilo linaloamua umbali.

#14 Aarhus Kaskazini

Denmark walijaribu njia nyingine. Tangu 31 Julai 2021 katazo halifuati eneo, linafuata saa. Linaitwa saa za shule bila moshi: tangu vipindi vinaanza hadi vinaisha, mwanafunzi havuti, awe ndani ya uzio au kwenye duka la mkate mtaa wa pili. Hapo getini hapana faida tena kwa mvutaji. Uholanzi walibaki na eneo, viwanja vyote vya shule bila moshi tangu 1 Agosti 2020, na lile tatizo la kujazana nje likabaki nao.

Udhaifu wa kufuata saa ni kwamba shule inapaswa kusimamia mahali isipokuwa na mlinzi wala mwalimu. Kwa shule ya bweni, hata hivyo, saa za shule ni siku nzima. Kwenu ingefaa: "mwanafunzi havuti tangu anapotoka nyumbani hadi anaporudi, au muda wote akiwa na sare". Sare ndiyo mpaka ambao kila mtu mtaani anauona.

#15 Nakuru Ndani

Hiyo ya sare nimeipenda ila wataivua. Begi lina fulana siku zote 😂

#16 Aarhus Kaskazini

Wataivua, ndiyo. Lakini mtu anayelazimika kubadili nguo ili avute ndani ya mapumziko ya dakika 30 atavuta mara chache. Sigara moja inachukua dakika 5 hadi 7. Toa muda wa kutoka, kubadili, kuvuta, kurudi na kutafuna pipi, kengele imelia. Kanuni hizi hazimzuii mtu kwa kumfungia. Zinafanya sigara iwe na usumbufu mkubwa kuliko raha yake, hasa kwa yule ambaye bado hajanasa.

#17 Fundi Mipaka

Naona hamjawataja watu wazima wa aina ile ambayo bodi huisahau. Niwape orodha ya mianya, kwa sababu huko ndiko kanuni hufia.

Mafundi wa ujenzi. Darasa jipya linajengwa miezi mitatu, mafundi wanavuta juu ya jukwaa na watoto wanawaangalia dirishani. Kifungu cha sigara kiingie kwenye mkataba wa mkandarasi KABLA ya kusaini, msimamizi ndiye awajibike. Baada ya kusaini mtabaki kuombana.

Mlinzi wa usiku. Anavuta ili asisinzie. Ukimkataza bila kumpa kitu, ama atavuta kwa kificho ama atalala. Chupa ya chai, na ruhusa ya kutoka nje ya geti dakika 10 mara mbili kwa usiku akiwa na mwenzake wa kushika zamu. Kama mlinzi ni mmoja tu hamna jibu zuri, semeni ukweli kwenye kikao.

Jikoni. Mpishi anayewasha sigara kwa kijinga cha kuni. Hapa hoja ya chakula ina nguvu kuliko hoja ya sigara.

Wageni wa mwishoni mwa wiki: ibada kwenye madarasa Jumapili, mechi, harusi uwanjani, mikutano. Fomu ya kukodi iwe na mstari mmoja wa sigara na amana ya usafi. Vipisi vikiokotwa Jumatatu, amana hairudi. Hii inafanya kazi vizuri kuliko bango.

Njia ya wananchi. Shule isiyo na uzio ina njia ya kwenda sokoni inayopita katikati ya uwanja. Huwezi kumtoza faini kila mpita njia. Hamisheni njia ipite pembeni kama eneo linaruhusu, mkubaliane na serikali ya mtaa. Kama haliruhusu, bango pande zote mbili na mwisho wa habari.

Bango lenyewe: herufi zisomeke ukiwa mita 10, lugha ya Kiswahili, alama ya sigara iliyokatwa, na jina la cheo cha kuripoti ("toa taarifa kwa mwalimu wa zamu"). Liwe getini, kila mlango wa choo, jikoni, ofisi ya walimu. Na ONDOENI visahani vya majivu na ile ndoo ya mchanga nyuma ya stoo. Bango likikaa juu ya kisahani cha majivu, watu watafuata kisahani.

#18 Mzee wa Chaki

Hapo kwa walimu ndipo penye mwiba. Mwalimu mtu mzima, ameajiriwa na serikali, mkuu wa shule atamfanya nini?

#19 Kifungu kwa Kifungu

Hawezi kumfukuza, na asijaribu. Utaratibu ni wa kawaida wa utumishi: kumwita na kumkumbusha kwa mdomo na kuandika tarehe, kisha onyo la maandishi, kisha suala linapanda kwa mamlaka ya nidhamu kama kosa la kutotii maelekezo halali ya kazi. Lazima kwanza awe amepewa kanuni na kusaini kwamba ameipokea. Bila saini hiyo hakuna kosa.

Ila kabla ya hatua za nidhamu, wapeni muda. Wiki 6 hadi 8 kati ya kupitisha na kuanza zinatosha. Walimu wavutaji waitwe faragha, wasiitwe mstarini, waulizwe nani anataka kuacha na nani anataka tu sehemu ya kwenda. Wa pili wanatoka nje ya eneo wakati hawana kipindi, wanasaini kutoka na kurudi kama wanavyofanya wakienda benki.

Nyumba za walimu, swali la pili la mleta uzi: nyumba ni makazi, kumkataza mtu kuvuta sebuleni kwake kutaleta mgogoro ambao bodi itashindwa. Chora mpaka. Ndani ya nyumba na uani nyuma, kanuni haimgusi. Barazani mbele, njia za kwenda madarasani na popote mwanafunzi anapopita, inamgusa. Na liandikwe lingine: mwanafunzi hatumwi sigara. Hilo ni muhimu kuliko baraza. Mtoto anayetumwa dukani kununulia mwalimu sigara ameshafundishwa bei, duka na namna ya kushika.

#20 Kaptula ya Kaki

Hilo la kutumwa linaingia leo. Limebaki la kupima.

#21 Vichungi

Pimeni vitu viwili tofauti na msivichanganye.

Cha kwanza ni vipisi. Chagueni sehemu 8: vyoo vya wavulana, vya wasichana, nyuma ya stoo, ukingo wa uwanja, nyuma ya bweni, jikoni, getini nje hadi mita 50, na upenyo wa uzio. Mara moja kwa wiki, siku ileile, mtu mzima mwenye glavu au koleo anaokota vyote, anahesabu, anaandika kwa kila sehemu. Anzeni wiki 4 kabla ya kanuni, muendelee wiki 12 baada yake.

Mambo yanayoharibu hesabu: usafi wa asubuhi (ukihesabu baada ya wanafunzi kufagia utapata sifuri ya uongo, kwa hiyo hesabu jioni kabla au alfajiri), mvua kubwa inayosomba, wiki ya mechi au harusi, na vyoo vya shimo, kwa sababu kipisi kinatumbukia na hakihesabiki kamwe. Kipisi kimoja pia si mvutaji mmoja, watoto wanapokezana. Hesabu hii haikuambii wangapi wanavuta. Inakuambia moshi umehamia wapi. Jumla ikishuka ndani huku getini ikipanda kwa kiasi kilekile, kanuni yenu imehamisha tu.

Cha pili ni dodoso bila majina. Tumieni swali linalotumika kwenye utafiti wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 13 hadi 15: katika siku 30 zilizopita, umevuta siku ngapi? Ulizeni na bidhaa nyingine kivyake. Kwa kulinganisha, Kenya 2013 waliotumia tumbaku ya aina yoyote walikuwa 9.9%. Karatasi zote za aina moja, kalamu za aina moja, sanduku lenye tundu, mwalimu asimame mbele asizunguke. Msiulize darasa lenye watu wachache kiasi kwamba jinsia na umri vinamtaja mtu. Msiulize wiki ya kwanza ya muhula, maana siku 30 zilizopita zitakuwa likizo. Na msiulize wiki ambayo mtu amesimamishwa kwa sigara, wote watajibu "sijawahi".

Muhimu: majibu ya "sijawahi" yataongezeka baada ya kanuni hata kama hakuna aliyeacha, kwa sababu ya woga. Ndiyo maana vipisi na dodoso visomwe pamoja.

#22 Nakuru Ndani

Na kile kifaa cha kupuliza? Kuna shule zinakitaka kama askari wa barabarani.

#23 Vichungi

Kinapima kaboni monoksidi (gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi) kwenye pumzi, nayo hupungua kwa nusu kila saa 4 hadi 6. Aliyevuta jana mchana atapita safi. Upande wa pili, mtoto aliyepika kwa jiko la mkaa ndani ya chumba kabla ya kuja shule anaweza kuonekana mvutaji. Na mwenye kijifuko cha nikotini hatoi kaboni monoksidi kabisa. Kwa mazingira yetu kitakamata wapishi na kuachia wenye vijifuko. Kinafaa kwenye ushauri, kumwonesha anayeacha jinsi namba yake inavyoshuka. Kwa adhabu, hapana.

#24 Mtumbaku wa Urambo

Msisahau shule za mikoa ya tumbaku, huku Tabora. Mtoto anatoka kusaidia kuchuma na kufunga majani, nikotini inapita kwenye ngozi, hasa majani yakiwa na umande: kichefuchefu, kizunguzungu, kutapika. Mwalimu wa zamu akiona hizo dalili msimu wa mavuno asikimbilie kupekua begi. Amuulize kwanza jana alikuwa shambani, na shati lilikuwa na mikono mirefu au hapana. Na ada za wengi zinatoka kwenye zao hilohilo, kwa hiyo kwenye mkutano wa wazazi hoja isiwe "tumbaku ni mbaya". Ongeleeni moto wa bweni na umri wa mtoto, hapo hakuna anayebisha.

#25 Kaptula ya Kaki

Nashukuru wote. Rasimu mpya ina: bidhaa zote za nikotini, mpaka hadi mita 50 nje ya geti ukiwa na nguzo, nyumba za walimu kama alivyochora Kifungu, mafundi kwenye mkataba, kutomtuma mwanafunzi, wiki 8 za maandalizi, kuhesabu vipisi kuanzia Ijumaa hii. Swali moja la mwisho: hizo mita 50 nje ya geti ni barabara ya umma. Bodi ina mamlaka nayo?

#26 Kifungu kwa Kifungu

Kwa wanafunzi na wafanyakazi wake, ndiyo, maana kanuni inamfuata mtu. Kwa mpita njia na mwenye kioski, haina. Mnahitaji sheria ndogo ya halmashauri, na hiyo inapita kwa diwani na kikao cha madiwani. Pelekeni ombi kupitia kata, mkiambatanisha ile hesabu ya vipisi vya getini. Kwenye rasimu tenganisha vifungu viwili, cha wanaoifuata kanuni ya bodi na cha ombi kwa halmashauri, la sivyo mtu mmoja akipinga cha pili, chote kitarudishwa.